Lenzi ya Mjomba Dirishani

Mtaani walimwita Mama Kufuli, na kwa jina hilo hakuonewa. Akitaka kwenda sokoni hufunga mlango, hulivuta kufuli, hushika njia, kisha hurudi kulivuta tena. Akifika kwenye kona husimama kama mtu aliyeitwa, akageuka kwenda kuangalia kama jiko amelizima. Jiko huwa limezimwa. Basi kwa kuwa ameshafika, huzima na swichi kuu ya umeme, ili asiwe amerudi bure. Mumewe, fundi bomba, alizoea kusema kwamba mke wake akisema anakwenda kununua nyanya, nyanya zenyewe hukata tamaa.

Yaliyompata mwanamke huyu yafaa yasikiwe na kila mzazi, na hasa na vijana wanaoingiza vioo vya kamera nyumbani bila kuwaeleza wenzao jinsi vinavyofanya kazi. Nyumba iliyonusurika kuteketea haikuwa ya mlevi wala ya mzembe. Ilikuwa nyumba ambayo hata mshumaa hauingii.

Chanzo ni binti yake. Walimwita Kidudu tangu anatambaa, maana mtoto yule alipomwona mende hakulia, alimfuata hadi chini ya kabati na kukwama huko. Sasa ni mtu mzima, ameajiriwa kwenye kibanda cha picha za vitambulisho. Kaa hapa, inua kidevu, usicheke, haya, mwingine. Kutwa nzima anatazamana na watu wasiocheka. Akirudi jioni hupita moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye ndoo mama yake alimopanda maharage, akalala kifudifudi na kamera yake ya mtumba, akawapiga picha wadudu.

"Hawa hawaniambii niwapunguze mashavu," alimjibu mama yake siku moja.

"Na nyigu akikuchoma kwenye jicho, utampunguza nani?"

Shida ilikuwa lenzi. Ile iliyokuja na kamera ilifaa nyuso za watu. Mdudu ilimwona kama punje ya pilipili manga. Lenzi za kupigia vitu vidogo zipo madukani, lakini bei yake Kidudu aliisoma akaifunga simu taratibu, kama mtu aliyesoma habari ya msiba. Ndipo alipomwendea mjomba wake.

Mjomba huyu, kaka yake Mama Kufuli, aliwahi kuwa na studio enzi za filamu. Kamera yake ilikwisha kufa, ila lenzi yake ilibaki kwenye mkebe wa biskuti: chuma kitupu, nzito, na pete za kuzungusha kwa mkono, moja ya kulengea na nyingine ya kufungulia tundu la mwanga.

"Hii haina akili ndani," mjomba alimwambia. "Hizi zenu za siku hizi zinawafanyia kazi. Hii, wewe ndiye utakayeifanyia kazi."

Akampa na adapta, kipete cha chuma kinachoiunganisha lenzi ya zamani na kamera ya sasa, kwa sababu midomo yao haiingiani. Kidudu alipoifunga mara ya kwanza, kamera iligoma.

"Inasema haina lenzi," aliwaambia wazazi wake mezani.

"Iambie ina lenzi ya mjomba," baba yake alisema bila kuinua uso kwenye sahani.

Na kweli kumbe ilitakiwa kuambiwa tu. Ndani ya kamera mna mahali pa kuiruhusu ipige hata kama haioni lenzi. Ikaruhusiwa, ikatulia.

Bado mdudu alikuwa mbali. Kidudu akaeleza kwamba ili lenzi kama ile ione vitu vidogo, inabidi isogezwe mbele kidogo, iachane na kamera, na kati yao kukae kibomba kitupu. Madukani wanauza vibomba hivyo.

Fundi bomba alikuwa anasinzia kwenye kiti. Alifumbua macho yote mawili.

"Kibomba kitupu? Hakina kioo ndani? Hakina hata koki?"

"Kitupu, baba."

"Na wanauza."

"Wanauza."

"Nimekosea kazi maisha yangu yote," alisema, akaenda kuchukua msumeno.

Alikata kipande cha bomba la plastiki, akakisugua kwa msasa, akakipaka rangi nyeusi ndani ili mwanga usirukeruke. Mwisho mmoja akagandisha kifuniko cha mdomo wa kamera alichokitoboa katikati, mwisho wa pili akagandisha adapta ya mjomba. Mama Kufuli alisimama nyuma yao muda wote, akiuliza kama gundi hiyo haina sumu, kama rangi hiyo haitaingia machoni, na kama bomba hilo halijawahi kutumika chooni.

"Jipya hili, mke wangu. Bado halijapata kazi ya heshima."

Jioni hiyo Kidudu alirudi kutoka kwenye maharage akikimbia kwa furaha. Kwenye kioo cha kamera kulikuwa na mguu wa mdudu, na mguu ulikuwa na vinyweleo. Mama alitazama, akasema mdudu huyo anahitaji kuoga, akamshika binti yake kichwa akamkagua masikio yote mawili kama hakuna kilichoingia.

Lililomkosesha Mama Kufuli raha ni ukaribu. Siku moja aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, kwa nini picha zisipigwe kutoka mlangoni.

"Lenzi hii haiwezi, mama. Lazima nimsogelee. Vidole vichache tu kati yangu na yeye."

"Na zile za bei kubwa?"

"Zile mtu anaweza kukaa mbali kidogo."

Basi tangu siku hiyo mama alielewa kwamba watu wenye fedha wananunua umbali, na mtoto wake hana, anatumia uso. Akawa anasimama nyuma yake na kanga mkononi, tayari kufukuza kitu ambacho hakijaja. Kivuli chake kikaangukia kila picha.

Kisha ikaja habari ya duka la mbegu. Mwenye duka, mwanamke mmoja mchangamfu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitaka kuchapisha karatasi kubwa ya kubandika ukutani, ili mteja anayekuja kulalamika kuhusu mimea yake aoneshwe kwa kidole: huyu ni adui, huyu ni rafiki, usimuue. Aliziona picha za Kidudu kwenye simu akampa kazi ya kujaribu. Picha aliyoitaka kuliko zote ni ya kidukari, mmoja wa yale madudu madogo ya kijani yanayonyonya maharage, akiwa uso kwa uso na yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi anayewala. Picha hiyo ikipatikana, kazi ya karatasi nzima ni ya Kidudu, na zitakazofuata pia. Pengine ingekuwa ndiyo kwaheri kwa videvu vya watu.

Kidudu alipeleka picha. Mwenye duka aliziangalia kwa muda, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nzuri, mwanangu. Ila zina kama mvuke hivi. Mteja atadhani mdudu yuko bafuni anaoga."

Alimpa nafasi moja zaidi, hadi Jumamosi asubuhi, kabla hajazipeleka kwa mchapaji. La sivyo mchapaji ana michoro yake.

Kidudu alirudi nyumbani akiwa kimya, na mtoto akinyamaza katika nyumba ya Mama Kufuli, kila mtu hujua. Alimulika lenzi kwa tochi ya simu na kuwaonesha. Ndani kabisa, katikati ya vioo, kulikuwa na utando mweupe uliotambaa kama mizizi. Kuvu. Lenzi ilikaa mkebeni miaka mingi, ikapata unyevu. Jua la jioni lilipoingia kwa ubavu, utando wote uliwaka, na picha ikavaa ukungu.

"Chakula chako kinapoa," mama alimwambia.

"Nimeshiba, mama."

Hakuwa amekula hata tonge. Mama yake alilala na neno hilo.

Ijumaa asubuhi, wote walipokwisha kwenda kazini, Kidudu na kamera yake mkobani, lenzi na kibomba ameviacha mezani, fundi bomba na mabomba yake begani, Mama Kufuli alimpigia kaka yake simu.

"Kuvu?" mjomba alisema. "Hilo jambo dogo. Ianike juani. Jua linaua kuvu. Mimi zangu nilikuwa naanika kila msimu wa mvua ukiisha, ila sikiliza, dada, uki..."

Lakini simu ilikuwa imeanza kupata moto sikioni, na Mama Kufuli aliwahi kusikia kwamba simu ikipata moto hulipuka. Aliikata. Alikwisha kupata alichokitaka. Jua analijua yeye: ameanika magodoro, mito, unga uliopata unyevu, na hata mtoto mwenyewe alipokuwa mchanga mwenye macho ya manjano. Leo binti akirudi jioni ataikuta lenzi safi, wala hatajua kuvu imekwenda wapi.

Sasa tazama jinsi mtu mwangalifu anavyojichimbia. Hakuianika uani, kwa sababu wezi. Aliiweka ndani, kwenye ukingo wa dirisha la chumba cha mbele, penye nondo na vioo, jua la mchana linapopiga moja kwa moja. Hakuiweka juu ya saruji, kwa sababu itakwaruzika. Alikunja shuka kuukuu jeupe, laini, akailaza juu yake. Aliifungua kwenye kibomba, akakiweka kibomba pembeni. Alivua vifuniko vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, ili jua lipite vizuri, akazungusha pete na kulifungua tundu la mwanga hadi mwisho, kama alivyomwona binti yake akifanya. Lenzi ikawa inabingirika. Akachukua soksi nyeusi ya mumewe, akaikunja, akaisukuma nyuma yake kama mto, ili lenzi iinue uso na kulitazama jua sawasawa.

Kisha akafunga dirisha. Akalizima jiko, akaligusa. Akazima swichi kuu. Akafunga mlango kwa lile kufuli kubwa ambalo muuzaji wake aliapa kwamba mwizi ataondoka analia. Ufunguo akautia kwenye kipochi, kipochi akakifunga kwenye pindo la kanga.

Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hakurudi kutoka kwenye kona. Alijisikiliza, akaona hana wasiwasi. Alifika sokoni mapema, akachagua nyanya moja moja, akabishana na muuza vitunguu kwa starehe yake, akacheka. Mwenye vitunguu alimuuliza kama ni mgonjwa.

Alipokuwa anarudi, aliona watoto wamesimama nje ya nyumba yake wakitazama juu. Kwenye pengo la dirisha la mbele ulikuwa unatoka moshi mwembamba, wa kijivu, bila haraka, kama wa mtu anayevuta sigara.

Fundi bomba alikuwa ameshafika. Alirudi kuchukua kipande alichosahau, na sasa alikuwa mlangoni, amelishika lile kufuli kwa mkono mmoja.

"Ufunguo," alisema.

Mama Kufuli aliutafuta kwenye pindo la kanga. Lile fundo alilifunga kwa uangalifu wake wote, nalo halikufunguka. Nyanya zilimwagika. Alilipeleka fundo mdomoni, akaling'ata.

"Mke wangu, ufunguo."

"Ngoja, ngoja, uko hapa, uko humu ndani."

Hakungoja. Alitoa spana kubwa ya mabomba, akaipitisha kwenye kufuli, akajitupa nayo kwa uzito wake wote. Kufuli lilibaki zima kama lilivyoapiwa. Kilichong'oka ni kipande cha mlango.

Ndani chumba kilikuwa cheupe kwa moshi. Soksi ilikuwa imekwisha, shuka lilikuwa linakula moto pole pole kuzunguka tundu jeusi, na ncha ya pazia ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujikunja. Fundi bomba alikimbilia jikoni. Bomba la jikoni kwao lilivuja tangu Kidudu anaota meno. Kila siku mke wake alimwambia aone aibu, fundi mzima, kwako kunavuja, na kila siku alijibu kwamba kinyozi hajinyoi mwenyewe, na kila siku mke aliweka ndoo chini ya matone. Ndoo ilikuwa imejaa pomoni. Fundi aliibeba, akaimwaga yote dirishani.

Ikasikika shii, moto ukafa.

"Naomba," fundi bomba alisema akihema, maji yakimchuruzika usoni, "nisisikie tena habari za lile bomba."

Mama Kufuli alikuwa ameketi sakafuni, kwenye maji. Alikuwa anaangalia swichi kuu, kisha jiko, kisha swichi kuu. Kila kitu kilikuwa kimezimwa.

"Moto umetoka wapi?" alikuwa anauliza. "Mimi nilizima. Niulize. Nilizima kila kitu."

Kidudu alifika akiwa amekimbia njia nzima, jirani alimpigia kibandani. Alimkagua mama yake kwanza, mikono, uso, nywele, na hapo baba alicheka kidogo, maana binti alikuwa anamkagua masikio. Kisha akasogea dirishani. Lenzi ilikuwa imelala kwenye majivu ya soksi, imelowa nje, vioo vyake vizima. Kibomba kilikuwa kimejikunja kama kidole cha bibi.

Aliiokota. Aliifuta lenzi, akaishika mbele ya jua lililobaki, na nyuma yake akashika kipande cha gazeti. Likatokea doa moja jeupe, dogo kama kichwa cha pini, kali hata halitazamiki. Gazeti lilitoa moshi kabla mama hajamaliza kuvuta pumzi. Kidudu akalichovya majini.

"Jua lote linaloingia mbele linakusanyika pale nyuma, mama. Na pale kulikuwa na soksi."

"Kumbe adui ni soksi yangu," baba alisema. "Nimeambiwa siku nyingi."

Mama hakucheka. Alikuwa analiangalia lile doa ambalo halipo tena. Maisha yake yote aliuogopa moto wenye sura ya moto: kiberiti, waya, mkaa. Huu alikuwa ameulaza mwenyewe juu ya shuka, akauwekea mto.

"Kitu hicho kesho kinarudi kwa mjomba wako," alisema.

"Sawa, mama."

Angebishana, mama angejua la kufanya. Lakini binti alisema sawa, akachukua kitambaa na kuanza kukausha sakafu, na hakutaja duka la mbegu, wala kibomba, wala kwamba kesho ndiyo Jumamosi. Mama Kufuli alimtazama mgongo. Mtoto wake alikuwa karibu kutoka kwenye kile kibanda, na yeye mama ndiye aliyeufunga mlango.

Alikaa hivyo mpaka maji yakakauka. Kisha alimwita mumewe.

"Baba Kidudu. Lile bomba lako, huwezi kulinyoosha?"

"Plastiki ikishakunjika imekunjika."

"Basi ukakate jingine."

"Adapta imeungana nalo, mke wangu. Plastiki imeiyeyukia, vimekuwa kitu kimoja."

Kidudu aliinua kichwa. Alikiokota kibomba, akakigeuza. Mwisho wenye adapta ulikuwa umeharibika kabisa, lakini mwisho wa upande wa kamera, wenye kile kifuniko kilichotobolewa, moto haukuufikia.

"Baba, unaweza kukikata hiki kifuniko bila kukivunja?"

"Naweza. Cha nini?"

"Ipo njia nyingine. Lenzi inafungwa kinyume. Mbele inaingia kwenye kamera, nyuma inamtazama mdudu. Haihitaji kibomba. Haihitaji ile adapta."

"Kinyumenyume?" mama aliuliza.

"Kinyumenyume. Inaona vidogo zaidi hata." Alisita, kisha akasema la kweli. "Ila inabidi nisogee karibu zaidi."

Wote wawili walimtazama Mama Kufuli. Alivuta pumzi, akaitoa.

"Kata," alimwambia mumewe.

Jua lilikuwa halijazama walipoanza. Kwenye mkebe wa biskuti wa mjomba, uliokuja pamoja na lenzi, mlikuwa na pete ya chuma ya kichujio cha mwanga ambacho kioo chake kilivunjika zamani. Ilikuwa na nyuzi kama za skrubu, za kufungia mbele ya lenzi. Fundi bomba akaigandisha pete hiyo kwenye kifuniko, na safari hii mke wake hakuuliza habari ya gundi. Alikuwa ameliokota lile shuka. Katikati lilikuwa na tundu jeusi lenye kingo za kahawia, na kuzunguka hapo manjano. Akachukua mkasi alichane matambara ya kupigia deki.

"Usilichane," Kidudu alisema.

Alilichukua, akaliweka mbele ya uso wake, akaipitisha lenzi kwenye tundu. Iliingia, ikabaki nafasi ya kidole. Alisimama hivyo, mtu asiye na uso, shuka na jicho moja la kioo.

"Unaona, mama? Mwanga utapita kwenye shuka, utakuwa laini. Na wa kuipiga lenzi kwa ubavu utazuiwa, ile kuvu haitawaka." Jicho la kioo likamgeukia. "Na nyigu hanioni."

Mama Kufuli alilivuta shuka chini, akamtazama binti yake aone kama ni uongo. Kisha akalichukua, akakata kingo zilizoungua, akakunja upindo kuzunguka tundu na kuushona kwa mkono, nyuzi za karibu karibu, kama anashona kola ya mtu wa maana.

Alfajiri walitoka nyuma ya nyumba wote watatu, baba na kikombe chake cha chai. Umande ulikuwa bado kwenye majani, na wadudu walikuwa wazito kwa baridi, hawajaamka vizuri. Jua lilianza kutokea nyuma ya migongo yao. Kidudu alipiga magoti. Mama alishika shuka kwa mikono yote miwili, limetanda, lenzi imetokeza katikati.

"Sasa mama, usitikisike. Hapa siwezi kuzungusha kitu. Mimi ndiye ninayesogea mbele na nyuma, na nikikosea upana wa unywele picha imekufa."

"Nisipumue?"

"Pumua kidogo kidogo."

Chini ya jani la harage alikuwapo kidukari mmoja mnene. Kidudu alimwonesha mama yake kwenye kioo cha nyuma cha kamera, na mama akainama bila kulegeza shuka. Mdudu alijaa kioo chote, kijani cha kung'aa, na macho mekundu. Na nyuma yake palikuwa na kitu kidogo, kijani pia, kinachochezesha miguu hewani.

"Anafanya nini?" mama alinong'ona.

"Anazaa."

"Anazaa hivi hivi? Hatagi mayai?"

"Huwa wanazaa, mama. Mtoto anatoka mzima."

Mama Kufuli, aliyewamwagia viumbe hao maji ya sabuni tangu amepanda maharage, alitazama na kusahau mikono inayouma. Mama kidukari hakwenda popote. Alisimama na miguu yake yote imeng'ang'ania jani, mpaka kile kidogo kikagusa chini.

Na hapo, kwenye ukingo wa kioo, kukaja wekundu. Ulikuja taratibu, na madoa meusi, mgongo mkubwa kama bakuli lililofunikwa.

"Kidudu."

"Namwona."

"Mfukuze."

"Mama, ndiyo picha yenyewe."

"Ana mtoto mchanga yule."

"Mama. Shuka."

Shuka lilikuwa limeanza kushuka. Mkono wa Mama Kufuli, ule mkono ambao maisha yake yote ulifukuza, ulivuta, ulifunga, ulikagua, ulikuwa umeshaanza safari ya kwenda kwenye jani. Fundi bomba alishusha kikombe chake cha chai. Aliuona tu ule mkono ukisimama hewani. Kisha ukarudi. Ukalishika shuka, ukalitandaza sawa, ukatulia. Mama alifumba macho.

Kidudu alisogea mbele kwa upana wa unywele. Kamera ikalia. Ikalia tena. Ikalia mara nyingi.

"Na mtoto?" mama aliuliza, macho bado ameyafumba.

"Ameingia nyuma ya jani. Ameondoka, mama. Fumbua."

Mwenye duka la mbegu alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Hakutaja bafu. Karatasi ilichapishwa, na mpaka leo iko ukutani kwake, adui upande huu, rafiki upande ule, na katikati hao wawili, kila mmoja mkubwa kama sahani.

Lenzi ya mjomba bado iko kwenye nyumba ile, na wewe uliye na ya kwako fanya kama wao. Ina vifuniko vyake viwili, mbele na nyuma, haivuliwi ila ikiwa mkononi mwa mtu. Inalala kwenye mkebe wake, kabatini, gizani, mbali na dirisha. Kuvu imo humo humo, haijambo. Mjomba alipopigiwa simu na kuachiwa amalize sentensi yake, alisema ndiyo hayo aliyotaka kusema: ukiianika, usiiache peke yake, wala usiweke kitu nyuma yake. Mlango ni mpya, kufuli ni lile lile, ila funguo zake zimegawanywa: mmoja kwa mama, mmoja kwa binti, na wa tatu kwa jirani. Bomba la jikoni linavuja.

Mama Kufuli akienda sokoni siku hizi hurudi kutoka kwenye kona kama zamani. Ila njiani hupita duka la mbegu, hata kama hana cha kununua. Akimkuta mteja anaitazama ile karatasi, husimama karibu naye, akamwelekeza kwa kidole kwenye mgongo wa mdudu mwekundu, pale panapong'aa. Palijichora kitu cheupe, cha mraba, na nukta nyeusi katikati.

"Unauona ule weupe?" humwambia. "Hilo ni shuka langu. Na hizo pembeni, ukitazama vizuri, ni vidole vyangu."